Filamu ya Kijapani Yamuuza Annick

Kufuli tuliloliacha Jumamosi iliyopita likizungushwa na mkono usiojulikana limefunguka, na mkono wenyewe si wa Ludovic. Pumueni kidogo, lakini msizoee.

Ni Vedasto, mchumba wa Muthoni.

Alisukuma mlango wa waya wa stoo ya Muthoni, chini kabisa ya jengo moja la Vårby gård, pembezoni mwa Stockholm, akavuta blanketi lililoning'inizwa hapo, akakutana na mwanamke aliyeinua pasi ya umeme tayari kumpasua kichwa.

"Mama yangu!" Vedasto aliruka nyuma akajigonga kwenye matairi. "Shemeji Annick?"

"Funga mlango. Nani amekutuma?"

"Hakuna! Nimefuata spika yangu tu, nina shoo saa nane mchana. Muthoni hajaniambia kitu!"

"Alifanya vizuri kutokukuambia."

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, nisimwache njiani. Annick Ndayisaba, mama wa Kirundi wa miaka thelathini na minne, alihukumiwa miaka miwili na nusu kwa kumgonga mzee mmoja wa baiskeli, kumuua na kukimbia. Hakumgonga yeye. Hakuwemo hata garini. Aliyeshika usukani ni mumewe Ludovic, dereva wa basi, akirudi kutoka harusini na bia zake tumboni. Akiwa bado kando ya barabara alimtumia mkewe ujumbe wa sauti. Annick alikuwa nyumbani anamwogesha binti yao Whitney. "Sema ni wewe," sauti ilisihi. "Wakinichukua leseni tutakula nini? Wewe ni mama, watakuonea huruma."

Akakubali. Ndiyo, wapenzi wasomaji, alikubali. Miezi mitatu baadaye mwanamke anayeitwa Ghislaine alikuwa anapika kwenye sufuria zake.

Simu yenye ujumbe huo Annick alikuwa ameizika ndani ya ndoo ya unga wa muhogo, jikoni kwake, kule Upplands Väsby. Siku kumi na tatu zilizopita, gerezani walimpa ruhusa ya siku moja. Hakurudi. Aliingia nyumbani kwake mwenyewe kwa mlango wa balkoni wakati Ludovic na Ghislaine wako kanisani wanaimba, akachukua simu, akaacha unga umemwagika sakafuni. Ludovic aliuona ule unga akaelewa. Tangu hapo polisi wanamtafuta Annick, na Ludovic anamtafuta zaidi ya polisi.

Wakili wa Annick ameagiza maneno mawili tu. La kwanza: simu iletwe kama ilivyo, isinakiliwe, isisikilizwe na mtu, isitumwe kwa mtu. La pili: Annick ajisalimishe mwenyewe pamoja nayo, Jumatatu saa tatu asubuhi. Akifika kwa miguu yake kesi itafunguliwa upya. Akikamatwa mafichoni, ni mtoro tu kama watoro wengine.

Kwa nini si leo? Kwa sababu ni Juni, na wakili yuko kisiwani kwenye nyumba yake ya kiangazi. Waswidi wakifika huko simu huzimwa, hata kama dunia inaungua.

"Shemeji," Vedasto alisema, mkono kifuani, machozi yakimlengalenga. "Hili nitakufa nalo. Naapa kwa mama yangu aliye Mwanza."

"Usiape. Nyamaza tu."

"Nimenyamaza tayari."

Na aliamini kabisa anachosema, hiyo ndiyo balaa ya watu aina ya Vedasto. Alibeba spika yake, akatoka, akafunga kufuli kwa nje kama alivyolikuta. Annick akabaki nyuma ya waya. Ametoroka gereza lenye kitanda na dirisha, amekuja kufungiwa kwenye kizimba cha kuwekea skii za kutelezea theluji na masanduku.

Saa nane kamili, ukumbi wa Jakobsberg ulikuwa umejaa. Wakenya mbele, Warundi na Wanyarwanda katikati, Wakongo nyuma wakicheka kwa Kifaransa. Mapazia meusi yamevutwa ila jua la Juni halikubali, linapenya pembeni na kuwamulika watu magotini. Watoto wamewekwa chumba cha pili na juisi na mikate ya mdalasini, maana picha ya leo si ya watoto.

Ni picha ya Kijapani ya zamani, ya mwanamke aliyetoroka jela. Damu nyingi, nguo chache, na kila mwanaume aliyemo anastahili anachopata. Vedasto aliipa jina lake mwenyewe: *Binti Mtoro*. Steringi, yaani shujaa wa picha, akambatiza Zubeda. Polisi mbaya akamwita Afande Mashaka.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza anaijua kazi hii. Mtafsiri wa picha hukaa pembeni na kipaza sauti, anazungumza kwa niaba ya wote, mwanaume, mwanamke na mbwa. Vedasto aliifanya miaka tisa kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, kabla hajaja Ulaya kufagia ofisi. Hajui Kijapani. Anasoma maandishi ya Kiswidi chini ya picha, akikosa anatunga. Na kazi hiyo ina sheria moja tu: usiache kimya. Steringi akinyamaza, wewe usinyamaze, la sivyo watu wanakupigia miluzi.

Muthoni, Mkenya anayelea wazee, rafiki pekee aliyembakia Annick na mchumba wa huyu Vedasto, alikuwa kwenye dirisha la jikoni akikaanga sambusa. Hakujua kwamba Vedasto ameingia stoo asubuhi. Alikuwa amempa ufunguo miezi mingi nyuma, kwa ajili ya spika, akasahau. Kukumbukeni huko kusahau, maana kutamtesa maisha yake yote.

Safu ya tatu, amevaa shati jeupe la kanisani, amekaa Ludovic. Hakuja kwa ajili ya picha. Kwa siku kumi na tatu amekuwa akihudhuria kila harusi, kila ubatizo na kila msiba wa Waafrika wa Stockholm, anasikiliza.

Nusu ya picha ikapita vizuri. Zubeda akamkata sikio mlinzi, ukumbi ukasimama kushangilia. Kisha akakimbilia ghalani, akajificha nyuma ya magunia ya mpunga, akakaa. Mvua ikanyesha. Akaendelea kukaa. Kijapani hakuna, maandishi hakuna, dakika ya kwanza, dakika ya pili.

Mluzi wa kwanza ukatoka kwa Wakongo.

"Mtafsiri amelala!" mtu akapaza sauti.

Vedasto akakamata kipaza sauti.

"Mnamwona steringi wetu katulia! Mnajua kwa nini katulia? Yuko chini ya jengo, ndugu zangu! Juu huko watu wanafua nguo zao, mashine zinazunguka, hawana habari! Kafichwa na rafiki yake, dada mmoja analea wazee, mkono wake wa sambusa hauna mpinzani!"

Watu wakacheka, wengine wakageuka kutazama jikoni. Muthoni akaacha kugeuza sambusa.

"Afande Mashaka kaenda kwa huyo dada mara mbili! Kapekua chumba, kapekua bafu, katazama mpaka chini ya kitanda. Mjinga yule! Hakushuka ngazi! Zubeda yuko kwenye stoo ya waya, nyuma ya matairi ya baridi, kaning'iniza blanketi, ana simu mkononi, anangoja Jumatatu!"

"Japani kuna matairi ya baridi?" aliuliza mzee mmoja wa Kikenya.

"Yapo, mzee! Kule kwao theluji ni mpaka kiunoni!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Vedasto mwenyewe alikuwa ametoka jasho la raha, tangu Mwanza hajapata kushangiliwa hivyo. Hakujisikia akisema lolote. Alikuwa anaziba kimya, basi, na mkono wake ulikwenda kwenye kitu kilichokuwa karibu kichwani.

Spika ikakata. Muthoni alikuwa amechomoa waya ukutani.

"Umeme! Umeme!" watu wakalalamika.

"Vedasto." Muthoni alimshika kola. "Ulimwona wapi? Uliingia stoo yangu leo?"

"Nilifuata spika... Muthoni, ni picha tu. Nimetia chumvi kidogo."

"Hiyo ni chumvi? Umewapa mpaka ngazi za kushuka!"

Hapo ndipo Vedasto alipojisikia. Wote wawili wakageukia safu ya tatu. Kiti kitupu. Sambusa imeng'atwa mara moja, imeachwa.

Muthoni akakimbilia chumba cha watoto. Wanjugu, mama aliyewekwa kuwaangalia, alikuwa anafuta juisi mezani.

"Whitney wa Ludovic yuko wapi?"

"Ameenda na babake saa hizi tu. Alisema anampeleka akaone mamake. Nikajua ni ile siku yao ya kutembelea jela."

Muthoni alielewa kwa nini Ludovic amemchukua mtoto. Whitney, miaka tisa, alikuwa akilala kwa shangazi Muthoni kila mama yake alipoingia zamu ya usiku. Ludovic hajui namba za mlango wa jengo. Whitney anazijua.

"Nakuja na wewe," Vedasto alimfuata mpaka mlangoni.

"Kaa hapa. Malizia picha yako."

Ludovic ana gari. Muthoni ana kadi ya treni. Kutoka Jakobsberg mpaka mjini, kisha ubadilishe, ushuke, uingie ile ya mstari mwekundu hadi Vårby gård, hiyo ni saa nzima ukiwa na bahati. Simu ya Annick haina laini. Hakuna wa kumpigia.

Yuko mmoja. Ana namba tatu tu, na kila mtu anazijua.

Muthoni aliziandika akiwa bado Jakobsberg, akazifuta. Akipiga, anamrudisha rafiki yake jela kwa mkono wake mwenyewe, siku mbili kabla ya Jumatatu. Asipopiga, anamwachia Ludovic. Stesheni moja ikapita, ya pili ikapita. Msichana aliyekaa mbele yake alikuwa anakula aiskrimu na kumtazama mama mweusi anayelia na aproni yenye mafuta. Namlaumu Muthoni? Namlaumu. Mimi ningefanya nini? Niulizeni siku nyingine.

Alipofika mjini, akapiga.

Chini ya jengo, Annick alisikia viatu vidogo kwenye ngazi. Alivitambua kabla blanketi halijaguswa.

"Mamma?"

Miezi kumi na minne hakuwa ameisikia sauti hiyo bila ya mlinzi kusimama karibu. Akavuta blanketi. Whitney alikuwa amerefuka, jino la mbele limeota, jaketi la bluu ambalo si yeye aliyemnunulia. Vidole vyao vilikutana kwenye matundu ya waya. Hapo Annick alilia kwa sauti, kama mjinga, bila kujali nani anasikia.

"Nani amekuleta, mwanangu?"

Mtoto alijibu kwa Kiswidi, kama anavyojibu siku zote. Pappa. Pappa anasema ukimpa simu, utarudi nyumbani.

Ludovic akatokea nyuma yake, shati jeupe, hana haraka.

"Annick, chérie. Unipe iyo simu. Hatuna haja ya makelele mbele ya mtoto."

"Umemleta mtoto wangu kwenye kazi hii?"

"Alikuwa na hamu yako."

"Fungua basi kufuli uje uichukue."

Ludovic alilivuta kufuli, akalipiga teke. Lilikuwa kufuli zuri, Muthoni hanunui vitu vya hovyo. Alitukana kwa Kirundi, akatazama ngazi.

"Nina spana garini. Whitney, baki hapa na mama yako. Mwambie akili imrudie."

Akapanda. Hivyo ndivyo Ludovic anavyomfahamu mkewe: alikuwa na hakika kwamba mbele ya mtoto Annick hatathubutu kitu. Alimfanya mtoto ngao yake, akamwacha na mama ambaye yeye Ludovic ndiye anayemwogopa, dakika tatu nzima.

"Whitney, unisikilize. Wewe unaamini mimi nilimuua yule mzee wa baiskeli?"

Mtoto akatazama viatu vyake. Shuleni wote wanasema hivyo, alijibu. Pappa pia.

Wakili alikataza. Annick alibonyeza hata hivyo.

Sauti ya Ludovic ikatoka, ya kilevi, inahema. *Annick, nimegonga mtu. Sogea huku haraka, uchukue gari. Sema ni wewe. Unanisikia? Sema ni wewe.*

Whitney alisikiliza mpaka mwisho. Kiswahili hasemi, lakini anakijua chote. Akakuna waya kwa kucha.

"Siku ile nilikuwa na sabuni kichwani," alisema kwa Kiswidi. "Ulitoka ukaniacha. Ilinichoma machoni."

"Nisamehe."

"Hukuwa garini."

"Sikuwa garini."

"Watu wakiisikia hii, pappa ataenda ulikokuwa wewe?"

"Ndiyo."

"Halafu mimi nitakaa na nani?"

Annick alikuwa na majibu ya hakimu, ya wakili na ya mchungaji. La swali hili hakuwa nalo. Angesema na mimi, lakini bado ana deni la kutoroka, na kesi ikifunguliwa leo haiishi kesho. Angesema na Muthoni, lakini Muthoni ni nani mbele ya ofisi za Waswidi? Alinyamaza, na mtoto akakisikia kile kimya vizuri sana.

Juu, mlango wa jengo, ambao Ludovic alikuwa ameuacha umeegeshwa, ulifunguliwa.

"Nipe mimi," Whitney alinong'ona. "Si pappa. Mimi."

Chini ya mlango wa waya kulikuwa na upenyo wa vidole viwili. Annick alipiga moyo konde, akaisukuma simu sakafuni. Mtoto akaiokota, akaitia mfuko wa ndani wa jaketi, akarudi kusimama alipokuwa.

Spana ilimaliza kufuli kwa mapigo manne. Ludovic akaingia, akamsukuma Annick ukutani, akapekua nguo, godoro, masanduku, pasi, akamwaga mapambo ya Krismasi ya Muthoni sakafuni.

"Iko wapi?"

"Tafuta."

"Iko wapi!"

Alimkaba shingo. Alikaba hasa, wasomaji wangu, si kwa kutisha, na Whitney akapiga ukelele ambao ulisikika mpaka kwenye chumba cha kufulia. Ndio ukelele uliowaelekeza polisi wawili waliokuwa wamefika mlangoni.

Mikono ya Ludovic ilishuka kabla hawajageuza kona. Kiswidi chake, ambacho siku zote huwa kizito, kikawa laini ghafla. Alieleza kwamba amemkuta mke wake mtoro, amevunja kufuli ili kumtoa, na alikuwa anamshawishi ajisalimishe. Hata mtoto amemleta ili amlainishe. Polisi mwanaume akaitikia kwa kichwa. Akatoa pingu.

"Ni yeye aliyemgonga yule mzee!" Annick alisema, sauti imekwaruzika. "Kuna simu, ina sauti yake mwenyewe akikiri. Anaitafuta, ndiyo maana ananikaba!"

Polisi mwanamke, mwenye nywele fupi, alimtazama shingoni. Aliona alama. Kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne, mtu mwenye sare alikuwa anamsikiliza Annick.

"Simu iko wapi?" aliuliza.

Annick hakukusudia. Macho yake ndiyo yaliyokwenda kwa mtoto.

Polisi yule akachuchumaa mbele ya Whitney. "Unayo wewe?"

"Nej."

Hapana. Alilisema wazi, kisha akanyoosha mkono akashika mkono wa baba yake. Ule ule uliotoka shingoni.

Polisi akainuka. "Naweza kumtazama mifukoni," alimwambia Annick kwa upole. "Itachukua sekunde chache. Unasema ni mtoto aliye nayo?"

Hapo ndipo palikuwa mwisho wa mateso. Neno moja tu. Ndiyo, na jaketi linafunguliwa, na Ludovic anatoka na pingu, na mzee wa baiskeli anapata haki yake, na Annick anapata jina lake.

Whitney alikuwa anamtazama mama yake. Machoni hakuwa na hasira wala woga. Alikuwa anamwomba. Alikuwa anamwomba asimwachishe mkono ule mmoja uliobaki wa kushika, hata kama ni mkono mbaya.

Annick akamwelewa, akaichukia nafsi yake kwa kumwelewa.

"Hana," alisema. "Nilidanganya. Hakuna simu, wala hajanikaba."

Pingu zikafungwa. Polisi mwanamke alisubiri kidogo, kama anayetumaini ataongeza kitu.

Mmoja tu katika stoo ile aliijua sauti hiyo. Ludovic aliwahi kumsikia Annick akiwadanganya polisi mara moja maishani, sebuleni kwao, kwa ajili yake: pole pole, bila kupepesa, kidevu kimeinuka kidogo. Aliisikia tena sasa, na uso ukamchangamka.

Akamwinamia binti yake, akaweka kiganja kifuani pa lile jaketi la bluu, kikatulia hapo. Kisha akamfunga zipu taratibu mpaka kidevuni.

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema kwa Kiswahili, na polisi wakawapisha wapite.